Kozi ya mtandaoni ya wiki nane kuhusu mrengo wa kushoto na vita: wiki tano tamu, mbili za kukera

Juzi ndo nimemaliza ile kozi niliyokuwa nawaambia, ya wiki nane, inayofundisha vile wajamaa na wakomunisti wa dunia wamekuwa wakifanya kila vita vikizuka, kuanzia 1914 mpaka Ukraine na Gaza. Jina la jukwaa silitaji maana tuna mvutano wa kurudishiwa hela ambao haujaisha, wanaolijua watalitambua wenyewe. Mlionitumia meseji kuuliza kama inafaa, jibu refu ndo hili.

Mpangilio wake uko hivi: kila wiki unapewa video ya kama saa moja, furushi la nyaraka za zamani, halafu Jumamosi mnakutana laivu na mwalimu, watu kama arobaini kutoka kila pembe ya dunia. Skani za nyaraka ni mbovu, nyingine zimelala upande mpaka unageuza simu weee unachoka, na maandishi yanayopita chini ya video yanachapia majina ya watu vibaya sana, Liebknecht, mbunge wa kijamaa wa Ujerumani, peke yake ameandikwa kwa namna nne kwenye video moja. Hayo nayasamehe. Mimi nilijiunga kwa swali moja tu, kwamba mtu anayejiita mpinga ubeberu, siku mizinga ikianza kulia, anajuaje asimame wapi? Nusu ya jibu nimeipata kwa mwalimu. Nusu nyingine nimeipata kwa mwanafunzi mwenzangu, nitafika huko.

Wiki ya kwanza ni utangulizi, ipitie mbio. Ni mikutano ya vyama vya kijamaa Stuttgart 1907 na Basel 1912, wote wanaapa kwamba vita vikija wafanyakazi wa nchi zote watavizuia, wanapiga makofi, wanaimba, basi.

Wiki ya pili ndo nilijua hela yangu haijapotea. Mwalimu anachukua siku mbili tu, tarehe 3 na 4 Agosti 1914, anakaa nazo saa nzima. Chama cha SPD cha Ujerumani ndo kilikuwa chama kikubwa kuliko vyote vya kijamaa duniani, kina wabunge 110, na tarehe 3 wanajifungia kujadili kama waipitishie serikali ya Kaiser, mfalme wao, pesa za vita. Kwenye kura ya ndani 78 wanasema ndiyo, 14 wanasema hapana, na mmoja wa hao waliokataa ni mwenyekiti mwenyewe, Hugo Haase. Kesho yake bungeni, kwa nidhamu ya chama, nani anasimama kusoma tamko la kuunga mkono? Haase huyohuyo. Hapo video inasimama, kinatokea kitufe, unaulizwa ungekuwa wewe ungepiga kura gani, na haiendelei mpaka ubonyeze. Kabla ya hapo umeshasomewa hoja zao, na jamani zilikuwa hoja, hawakuwa wajinga wale: Urusi ya Tsar ndo ilikuwa serikali katili kuliko zote Ulaya, Marx na Engels waliilaani maisha yao yote, sasa imeshakusanya jeshi na ikishinda vyama vya wafanyakazi vyote kwishney. Nikabonyeza ndiyo. Zaidi ya nusu ya darasa tulibonyeza ndiyo, tukaonyeshwa matokeo, kimya kikatanda.

Halafu mwalimu anakugeuzia kamera upande wa pili. Ufaransa nako wajamaa wanasema hivyohivyo kuhusu Kaiser, kwamba wanailinda jamhuri dhidi ya udikteta wa Wajerumani, na Jean Jaurès aliyekuwa akihangaika kuzuia vita ameshapigwa risasi mgahawani Paris tarehe 31 Julai. Yaani kila mmoja alikuwa na mdhalimu wa kweli wa kumnyooshea kidole ng'ambo ya mpaka, na kidole hichohicho ndo kilimzuia asimtazame wa kwake. Karl Liebknecht mwenyewe, tunayemsifia leo, tarehe 4 Agosti alipiga kura pamoja na chama. Alikuja kukataa tarehe 2 Desemba, peke yake bunge zima, na Mei 1915 ndo akatoa kile kikaratasi cha kusema adui mkuu yuko nyumbani. Hayo maneno yashikeni, kozi nzima inayazunguka.

Mkutano wa Zimmerwald nao umefundishwa vizuri. Septemba 1915, wajamaa wanaopinga vita 38 tu wanakutana kijiji hicho cha Uswisi, hoteli imekodiwa kwa jina la wapenda ndege ili wasishtukiwe, na Trotsky, mwanamapinduzi wa Urusi, anatania kwamba nusu karne tangu Internationale ya kwanza, ule umoja wa wafanyakazi wa dunia, ianzishwe wanamataifa wote wa dunia bado wanaenea kwenye magari manne ya farasi. Humohumo wakagombana. Miaka miwili baadaye baadhi ya watu wa yale magari, Lenin na Trotsky wakiwemo, wameshika Urusi.

Na hapo inakuja wiki ya tatu, ambayo kwangu ndo kiini cha hili suala zima la diplomasia, maana kupinga vita ukiwa huna serikali ni kazi moja na kupinga vita ukiwa unayo ni kazi nyingine kabisa. Trotsky anapewa wizara ya mambo ya nje Novemba 1917, anasema atatoa matangazo mawili matatu ya kimapinduzi kwa watu wa dunia halafu afunge duka. Kweli akaanza kwa kumwaga siri, akachapisha mikataba ya kificho ya Tsar na washirika wake, ikiwemo ile ya Uingereza na Ufaransa kugawana nchi za Waarabu, dunia ikashika mdomo. Wiki chache mbele jamaa amekaa mezani Brest-Litovsk kwenye mazungumzo ya amani anatazamana na majenerali wa Ujerumani. Februari 1918 anajaribu ujanja wa kusema hakuna vita na hakuna amani, anaondoka, Wajerumani wanasubiri siku chache halafu wanaendelea kutembea mbele kama hawakusikia kitu, na tarehe 3 Machi inabidi mkataba usainiwe kwa masharti mabaya kuliko ya mwanzo. Duka halikufungwa tena.

Wiki ya nne nimeirudia mara tatu. Sehemu ya kwanza ni Ethiopia. Oktoba 1935 Mussolini anaivamia, Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, linaweka vikwazo lakini mafuta hayamo, Uingereza inaacha meli za Italia zipite Suez kama kawaida, na Umoja wa Kisovieti, nchi ya wafanyakazi, inalaani Geneva huku inaendelea kuiuzia Italia mafuta. Mwalimu ni mkweli hapa, anaeleza kwamba Moscow walisema wako tayari kukata mafuta wengine nao wakikata, na kwamba walikuwa wanaitafuta Ufaransa na Uingereza wawe pamoja dhidi ya Hitler. Sawa, sababu naielewa, lakini mwambie hiyo sababu mtu aliye chini ya ndege za gesi ya sumu. George Padmore alishaona mapema, huyu alikuwa ndo anaendesha gazeti la wafanyakazi weusi la Kominteni, umoja wa vyama vya kikomunisti ulioongozwa na Moscow, akajitoa mwaka 1933 alipoona kazi ya kupinga ukoloni inawekwa kabatini ili wakubwa wa London na Paris wasikwazike, wakamfukuza 1934. Huyu mtu angestahili wiki nzima, wamempa dakika sita. Nimehesabu.

Sehemu ya pili ya hiyo wiki ni mchezo wa kadi, na kama mnajiunga kwa kitu kimoja jiungeni kwa hizi kadi. Unapewa muhtasari wa matamko ya vyama vya kikomunisti vya Uingereza na Ufaransa, Agosti mpaka Oktoba 1939, tarehe zimefichwa, majina yamefichwa, unaambiwa uyapange yapi yalitangulia. Nilikosea karibu yote. Moja linasema vita ni vya haki dhidi ya ufashisti, jingine linasema ni vya mabeberu wawili na mfanyakazi hana lake, na yote yametoka chama kimoja ndani ya wiki tano! Mkataba wa Molotov na Ribbentrop, yaani wa Urusi na Ujerumani ya Hitler kutoshambuliana, ulisainiwa tarehe 23 Agosti. Tarehe 2 Septemba wabunge wa kikomunisti Ufaransa bado wanapitisha pesa za vita dhidi ya Hitler, Oktoba chama chao, ambacho tayari kimepigwa marufuku, kinadai amani. Uingereza katibu mkuu wa chama, Harry Pollitt, alikuwa ameshatoa kijitabu cha kuunga mkono vita, maagizo ya Moscow yakafika, akakataa kugeuka, akaondolewa kwenye kiti, halafu Juni 1941 Hitler alipoivamia Urusi vita vikawa vya haki tena na kiti chake kikarudi. Kadi ya mwisho ni ya Paul Nizan, mwandishi Mfaransa aliyerudisha kadi ya chama Septemba 1939, wenzake wakamchafua jina, akauawa vitani Mei 1940. Mwalimu hasemi neno juu ya hiyo kadi, anaiacha tu kwenye skrini kama nusu dakika. Safi sana.

Ya tano nayo iko juu. Ni mwaka 1956 peke yake. Machi wakomunisti wa Ufaransa bungeni wanaipigia kura serikali ya msoshalisti Guy Mollet ipewe mamlaka maalumu Algeria, na mamlaka hayo ndo yaliyofungua mlango wa mateso yote yaliyofuata. Oktoba Aimé Césaire, mshairi na mbunge wao kutoka Martinique, anaandika barua ya kujiuzulu chama, anakitaja hicho kitendo waziwazi. Halafu Novemba. Tarehe 4 Novemba Trafalgar Square London imefurika watu wanaopinga Uingereza kuivamia Misri kwa ajili ya mfereji wa Suez, Aneurin Bevan wa chama cha Labour yuko jukwaani, na siku hiyohiyo, kumepambazuka tu, vifaru vya Kisovieti vimeingia Budapest kupondaponda mabaraza ya wafanyakazi wa Hungary. Peter Fryer, mwandishi wa gazeti la kikomunisti la Uingereza, alikuwa hukohuko Budapest, anatuma ripoti, wahariri wake wanazikalia, akaacha kazi, chama kikamfukuza. Kazi ya nyumbani ilikuwa uandike unaamka London asubuhi ile, unakwenda wapi? Niliandika naenda Trafalgar Square na bango lenye majina yote mawili, Suez na Budapest. Mwalimu akanirudishia na swali pembeni: na ukifika ukakuta wenzako wanakuomba ukunje nusu ya bango? Mpaka leo sijajibu.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaanza kuisifia kwa kila mtu. Wiki ya sita haikuniharibia, ni Vietnam, maandamano, halafu Nixon anatua Beijing Februari 1972 kupeana mkono na Mao wakati mabomu ya Marekani bado yanashuka Indochina, na mwaka 1979 China inaivamia Vietnam, nchi mbili zenye bendera nyekundu. Imeenda mbiombio, ila imeenda.

Kuanzia wiki ya saba ndo mwalimu akaanza kuniangusha. Mada ni Afrika kwenye Vita Baridi, na Angola ameieleza vizuri mno, Wacuba wanavuka bahari Novemba 1975 kuizuia Afrika Kusini ya kaburu isifike Luanda, mji mkuu, wanakaa mpaka mapigano ya Cuito Cuanavale na makubaliano ya New York Desemba 1988 yaliyofungua njia ya uhuru wa Namibia. Yote kweli, na mimi mwenyewe nilisisimka. Hata China ameisema, kwamba ilishawahi kuwafundisha wapiganaji wa FNLA, kundi jingine la Angola, upande uleule CIA iliokuwa ikiupa silaha. Lakini vita vya Ogaden, jimbo la Ethiopia wanakoishi Wasomali? Hakuna. Sifuri! Yaani vita ambavyo Umoja wa Kisovieti ulikuwa na mkataba wa urafiki na Somalia na kituo cha kijeshi Berbera, Somalia ikaingia Ethiopia Julai 1977, Moscow ikahama upande, Novemba Wasomali wakawafukuza washauri wa Kisovieti, na silaha zikawa zinashushwa kwa ndege Addis Ababa pamoja na maelfu ya askari wa Cuba. Serikali zote mbili zilikuwa zinajiita za kijamaa. Castro wa Cuba aliwakutanisha viongozi wao Aden Machi ile, hawakukubaliana. Na Waeritrea ambao Cuba ilikuwa imewasaidia zamani sasa wakajikuta wanapigwa na jeshi linalofadhiliwa na marafiki zao wa jana. Mfano gani mzuri kuliko huo wa kufundishia hili somo? Nikauliza kwenye grupu la WhatsApp, msimamizi akajibu eti iko nje ya mada ya wiki. Nikauliza mada ya wiki si Afrika na Vita Baridi? Akaweka alama ya dole gumba. Dole gumba, mimi!

Nikaelewa basi kinachoendelea. Mwalimu ana ujasiri mwingi kwa makosa ya watu waliokwishakufa na ya Stalin, lakini akifika kwa wale anaowapenda mkono unakuwa mzito. Sisemi ni mnafiki, kila mtu ana wake. Ila nimelipia nione na wake.

Wiki ya nane, Iraq mpaka leo. Maandamano ya 15 Februari 2003 yamepata nafasi yake, Roma peke yake watu kama milioni tatu kwa hesabu ya waandaaji, na swali zito kwamba vita vilianza hivyohivyo mwezi uliofuata. Gaza ameigusa kupitia kesi ambayo Afrika Kusini iliipeleka mahakama ya dunia The Hague dhidi ya Israel Desemba 2023, na hapo hotuba ilikuwa moto, tena kwa haki, serikali za Magharibi zinazotetea mipaka ya Ukraine kwa kauli moja zikifika Palestina zinatafuta miwani. Halafu ikaja Ukraine yenyewe. Dakika arobaini kuhusu kupanuka kwa NATO na mkutano wa Bucharest 2008 ulioahidi kwamba Ukraine na Georgia zitaingia. Sina ugomvi na hilo, ni historia, ilitokea. Lakini hotuba ya Putin ya tarehe 21 Februari 2022, ile aliyosema Ukraine ni kitu kilichotengenezwa na Lenin na Wabolsheviki, yaani mtu anamlaumu Lenin kwa kuwapa Waukraine haki ya kuwa taifa, hakuigusa. Hapo kumbuka tumemsoma Lenin huyohuyo kuanzia Zimmerwald! Na kura ya Umoja wa Mataifa ya 2 Machi 2022, nchi 141 zikilaani, 5 zikikataa, 35 zikijizuia, ameionyesha sekunde kadhaa akasema 35 ndo sauti ya Kusini mwa dunia, kana kwamba zile 141 zote ziko Ulaya.

Jumamosi laivu kulikuwa na dada mmoja wa Kharkiv, Ukraine, wiki zote saba alikuwa kimya, kamera imezimwa. Siku ile akawasha maikrofoni. Akasema, mwalimu, umetufundisha adui mkuu yuko nyumbani, mimi nakubali, mabosi wa nchi yangu nawajua na sheria za kazi walizozikata wakati wa vita nazijua, lakini nyumbani kwangu hakuna ukuta wa jikoni, sasa nikamtafute adui kwenye chumba gani?

Mwenzetu mmoja, kijana anayesoma sana, akamrukia na mfano wa Serbia, kwamba 1914 Serbia ndo iliyovamiwa na bado wabunge wake wawili wa kijamaa walikataa kupitisha pesa za vita. Ni kweli, walikataa, na mimi nikadhani dada kaisha. Akamjibu polepole kwamba Lenin mwenyewe aliandika Serbia ingekuwa peke yake na Austria vita vyake vingekuwa vya haki, shida ilikuwa vimemezwa na vita vya wakubwa, kwa hiyo swali ni kama vya Ukraine navyo vimeshamezwa au bado, na hilo, akasema, naomba tulipime pamoja na siye tunaopigwa tukiwemo kwenye chumba. Akaongeza kwamba Liebknecht alikuwa Mjerumani akiwaambia Wajerumani, hakuwapigia simu Wabelgiji kuwahubiria.

Mwalimu akasema swali zuri, tutalirudia. Muda ukaisha. Halikurudiwa. Jumatatu grupu likafungwa, cheti kikaja kwa barua pepe, jina langu limekosewa herufi mbili.

Hapo ndo ilipotoka hiyo nusu yangu ya pili. Kile kikaratasi cha 1915 kinamuuliza kwanza anayekisoma, wewe umekaa wapi? Kozi imenifundisha kukisoma nikiwa Berlin na Paris, Kharkiv ikaachwa, Ogaden ikaachwa, na hizo ndo nilizokuwa nazihitaji zaidi.

Nyota: tatu na nusu. Wiki ya pili, ya nne na ya tano zina nyota tano bila kupunguza. Ya tatu nne. Kuna chaguo la kununua wiki mojamoja, limefichwa chini kabisa ya ukurasa wa malipo, tumieni hilo, chukueni ya pili mpaka ya tano muachane na nyingine. Mimi nimeandika kuomba nirudishiwe hela ya wiki mbili za mwisho, nikaeleza sababu kwa urefu na tarehe zote, wamejibu kwamba kutoridhika na maudhui siyo kigezo, nimewaandikia tena. Na kadi za 1939 zipakueni mapema kabla hamjamaliza, akaunti ikifungwa nazo zinapotea, mimi zangu nimebaki nazo picha za skrini tu na ya Nizan imekatika nusu.